Usomaji wa Historia Pendwa: Vita vya 1914–1918 katika Taita Taveta

Utangulizi

Istilahi "fasihi pendwa" imezoeleka katika taaluma ya Kiswahili. "Historia pendwa" haijazoeleka kiasi hicho, ingawa vitabu vinavyostahili jina hilo ni vingi: vitabu vya historia vilivyoandikwa kwa ajili ya msomaji wa kawaida, vyenye masimulizi ya kusisimua na wahusika wachache wanaokumbukika. Huko Uingereza, vitabu vingi vya aina hii huhusu Enzi za Kati, yaani ngome, wafalme na wapiganaji wa farasi. Makala haya yanashughulikia tawi lake moja lililotua Kenya, nalo ni lile la vitabu vinavyosimulia mapigano ya Waingereza na Wajerumani baina ya Voi na Taveta, tangu Agosti 1914 Wajerumani walipoiteka Taveta hadi Machi 1916 walipoondolewa.

Hoja inayoendelezwa hapa ni kwamba vitabu hivi vimerithi mazoea ya masimulizi ya ngome. Kilima huwa boma, jemadari hupambana na jemadari, na adui husifiwa kwa uungwana wake. Kwa sababu hiyo hueleza vyema jinsi kilima kilivyoshambuliwa, lakini msomaji wa Mwatate au Wundanyi asipovisoma kwa makini ataijua nchi yake kama uwanja wa vita usio na wenyewe.

Vitabu vyenyewe

Kinachopaswa kutajwa kwanza ni kumbukumbu za kamanda wa Kijerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, zilizochapishwa mwaka 1920. Waandishi wengi wa baadaye wamechota humo, na haiba ya jemadari asiyeshindika imetokana kwa kiasi kikubwa na kalamu yake mwenyewe. Mwaka 1974 Charles Miller alichapisha *Battle for the Bundu*. Msomaji wa Kiswahili hukwama papo hapo kwenye jalada, kwa kuwa "bundu" si neno la wenyeji wa uwanja huo wa vita. Ni neno la Kiingereza cha kusini mwa Afrika lenye maana ya pori. Mtaita na Mswahili wangesema nyika. Kitabu kinasomeka kwa raha, lakini jina lake limeazimwa mbali.

Riwaya ya William Boyd, *An Ice-Cream War* (1982), ni kazi ya kubuni, na haifai kulaumiwa kwa kubuni. Tatizo ni la msomaji anayeinukuu kana kwamba ni ushahidi. Kitabu cha Edward Paice, *Tip and Run* (2007), kimewapa wapagazi na wanavijiji nafasi kubwa kuliko vilivyokitangulia, na anayetaka kuanza na kimoja afadhali aanze na hicho.

Salaita

Mfano mzuri wa kusomea ni kilima cha Salaita, mashariki ya Taveta. Tarehe 12 Februari 1916 wanajeshi wa Afrika Kusini, waliokuwa wamewasili karibuni, walikishambulia wakiamini kwamba kilikuwa na watetezi wachache. Mizinga ilipiga kileleni, ilhali mahandaki yaliyokuwa na watu yalikuwa chini, kwenye miguu ya kilima. Shambulio lilivunjika, na upande wa Uingereza ukapoteza takriban watu 170 waliouawa, kujeruhiwa au kutoweka. Kikosi cha Kihindi, cha 130 cha Wabaluchi, ndicho kilichosaidia kuzuia maafa makubwa zaidi. Mwezi uliofuata Jenerali Smuts alikizunguka kilima, nao Wajerumani wakakiacha bila ya kupigana. Mapigano makali yakahamia kwenye vilima vya Latema na Reata tarehe 11 na 12 Machi.

Vitabu pendwa hupenda kusimulia kwamba baada ya Salaita Wabaluchi waliwarudishia Waafrika Kusini bunduki ya rasharasha waliyoiacha, pamoja na ujumbe wa kuwaomba wasiwadharau Wahindi tena. Kisa hicho kinatamanisha kuaminiwa, lakini msomaji makini atauliza nani alikiandika kwanza, na lini. Swali hilohilo liulizwe kuhusu masimulizi ya wenyeji. Husimuliwa habari za mwanamke wa Kijerumani aliyejificha katika mbuyu karibu na Salaita akiwadungua askari kulipiza kisasi cha mumewe. Husemwa pia kwamba jina Salaita limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya mauaji ya halaiki. Maelezo haya ya pili ni mepesi kuyapima: kilima kilikuwa kikiitwa Salaita katika mipango ya Waingereza kabla ya damu ya Februari 1916 kumwagika, kwa hiyo jina haliwezi kuwa limezaliwa na mauaji hayo. Wajerumani kwa upande wao walikiita Oldorobo. Masimulizi simulizi, kama yalivyo maandishi, hayana kinga dhidi ya uhakiki.

Kasigau

Ikiwa Salaita hupewa sura nzima, Kasigau hupata aya, pengine sentensi. Mlima huu ulio kusini ya Voi ulikuwa muhimu kwa sababu kutoka huko vikosi vidogo vya Kijerumani viliweza kuifikia reli ya Mombasa na kuilipua. Mwaka 1915 serikali ya kikoloni iliwatuhumu Wakasigau kuwa waliwasaidia Wajerumani. Jamii ikaondolewa kwa nguvu na kupelekwa Malindi, kwenye joto na maradhi ya pwani ambayo watu wa mlimani hawakuyazoea. Wengi walifia huko. Ruhusa ya kurudi ilipatikana miaka ya 1930, yaani mtoto aliyebebwa mgongoni wakati wa kuondoka alirudi akiwa mtu mzima.

Katika Rukanga, Bungule, Jora, Makwasinyi na Kiteghe, vijiji vilivyouzunguka mlima huo, vita vya 1914–1918 havikuisha mwaka 1918. Historia inayofunga kitabu kwa Lettow-Vorbeck kuweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918 imetumia kalenda ya majeshi. Hii ndiyo dosari kubwa kuliko zote katika vitabu vinavyojadiliwa hapa, na haisahihishwi kwa kuongeza tarehe moja. Inahitaji msimulizi anayeanza na kijiji.

Wapagazi na ushahidi wa lugha

Upande wa Uingereza ulitumia wapagazi wapatao milioni moja katika vita vya Afrika Mashariki. Takwimu rasmi za vifo vyao zilikaribia 100,000, na watafiti wengi huziona kuwa ndogo kuliko hali halisi. Wengi hawakuuawa kwa risasi bali kwa kuhara, malaria, nimonia na chakula kibovu. Geoffrey Hodges, aliyewahoji wazee waliookoka, aliwaandikia kitabu kizima mwaka 1986. Hata hivyo kitabu hicho hakipatikani kwa urahisi kama vile vya majemadari.

Kiswahili chenyewe kimehifadhi sehemu ya habari hii. Jina la kikosi cha wapagazi, *Carrier Corps*, lilitamkwa kwa ndimi za watu waliobeba mizigo, nalo limebaki Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Neno "keya", askari wa jeshi la kikoloni la Kiafrika, limetokana na herufi KAR. Mwanafunzi wa isimu anayeyachunguza maneno haya anafanya kazi ya mwanahistoria pia.

Voi, uliko mwanzo wa reli ya kijeshi iliyojengwa kuanzia 1915 kuelekea Maktau na Taveta, kuna makaburi ya vita. Humo amezikwa Wilbur Dartnell, Mwaustralia aliyeuawa karibu na Maktau tarehe 3 Septemba 1915 baada ya kukataa kuwaacha majeruhi. Alitunukiwa Msalaba wa Victoria, na ushujaa wake hauna shaka. Jiwe lake lina jina na tarehe. Mwaka 2021 ripoti ya tume ya Jumuiya ya Madola inayosimamia makaburi hayo ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati waliotumikia dola hiyo katika vita hivyo, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.