Matembele: Mboga Iliyoko Juu ya Tuta

Siku ya kuvuna viazi vitamu, kaya nyingi hubeba viazi na kuwaachia mbuzi majani. Hapo mbuzi ndiye aliyepata. Kiazi cheupe ndani karibu hakina vitamini A, lakini majani yake, yaani matembele, sawa na ya viazi lishe vya rangi ya chungwa, yana karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini hiyo. Gramu 100 za matembele mabichi hutoa takriban maikrogramu 190, karibu nusu ya mahitaji ya siku ya mtoto wa miaka miwili. Vitamini A humkinga mtoto na upofu wa usiku na humpa nguvu ya kupambana na surua na kuhara. Majani hayo yana pia nyuzinyuzi, gramu 5 hivi, zinazolainisha choo.

Kwenye suala la damu, sifa zimepita kiasi. Mitaani, juisi ya tembele hunywewa kama dawa ya upungufu wa damu, na wajawazito ndio wanaoshauriwa zaidi. Gramu 100 za majani hayo zina takriban miligramu 1 tu ya madini ya chuma, wakati mjamzito anahitaji zaidi ya 25 kwa siku. Mboga na iliwe, lakini vidonge vya kuongeza damu vya kliniki visiachwe. Juisi yenyewe, kwa kuwa haipiti motoni, inaweza kubeba vijidudu vya maji machafu ya kumwagilia.

Mengine huamuliwa jikoni. Wapishi wengi huyaanika matembele yanyauke kidogo ili yapungue utelezi. Yakiachwa kwenye jua kali mchana kutwa, karotini na vitamini C huharibika. Kivulini penye upepo ni afadhali. Yachambuliwe, ngozi ya vikonyo imenywe, yaoshwe kwa maji safi, ndipo yakatwe. Kitunguu, nyanya na nyanya chungu zikishaiva, majani hutiwa na kufunikwa kwa dakika chache tu, bila kumwaga maji yake. Mafuta hayakwepeki: karotini huhitaji mafuta ili ifyonzwe, na tui la nazi au karanga za kutwanga hufanya kazi hiyo vizuri. Limao likamuliwe mezani, maana husaidia mwili kupokea chuma. Chai huuzuia, basi isubiri saa moja hivi. Mtoto aliyetimiza miezi 6 apondewe majani laini yaliyoiva ndani ya chakula chake.

Muuzaji aulizwe mboga imetoka wapi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulikuta risasi na kadimiamu katika mboga zilizolimwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi, Dar es Salaam, na kuosha hakuondoi sumu iliyokwisha kuingia ndani ya jani. Anayetumia dawa ya warfarin azungumze na daktari kabla ya kubadili kiasi anachokula, kwa sababu matembele yana vitamini K nyingi. Mgonjwa wa figo aulizie potasiamu. Majani ya viazi mviringo yasiguswe kabisa, yana sumu.

Penye nafasi ndogo, marando ya sentimita 30 hushika vizuri hata kwenye kiroba cha udongo na samadi, kisha huchumwa ncha tu. Shambani, kuchuma sana hupunguza viazi, kwa hiyo anayetaka vyote viwili atenge tuta moja la mboga.