SAA YENYE SAUTI: SOMO LA KOMPYUTA KUTOKANA NA MAKOSA YETU MAWILI



Tunapenda tuzungumzie jambo ambalo wanafunzi wa darasa la kompyuta wametuuliza mara nyingi: tutie vipi sauti katika saa inayohesabu kurudi nyuma? Saa hizi siku hizi tunazitengeneza wenyewe, za chemsha bongo, za mtihani na za kusubiri futari. Kutia sauti ni kazi nyepesi, hata mtoto wa darasa la nne anaiweza. Lakini sisi walimu tulitia sauti tukakosea mara mbili ndani ya mwaka mmoja wa Hijria, na mara zote mbili kuna watu walioumia kwa ajili yetu. Ndiyo maana tumeona tuyaandike.

Sekunde 30 zilizokuwa 45

Mfunguo Sita wa mwaka 1444 (Oktoba 2022) tulipokea wageni kutoka Iringa kwa ajili ya chemsha bongo ya Sira na Tajwidi. Watoto wale walipanda basi alfajiri, wakapita Mafinga na Makambako, wakafika Mbeya wamechoka lakini wana hamu. Kila swali lilikuwa na sekunde 30. Saa tuliitengeneza kwa Scratch, programu iliyotolewa na chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2007, ambayo ni ya bure na ikishawekwa kwenye kompyuta hufanya kazi hata pasipo intaneti.

Maagizo tuliyoyapanga yalikuwa haya: onyesha namba, piga mlio mpaka uishe, subiri sekunde 1, punguza namba moja, rudia. Ukiyatazama haraka hayana kasoro. Sasa fanyeni hesabu. Mlio wetu ulikuwa wa sekunde 0.2, na kompyuta ilikuwa inaungoja uishe ndipo ianze kusubiri ile sekunde 1. Kwa hiyo kila namba ilikaa sekunde 1.2, na namba 30 zikachukua sekunde 36. Wageni ndio walioanza kujibu, wakapewa sekunde hizo 36. Baadaye kina mama waliokaa nyuma wakalalamika kuwa hawasikii, nasi kwa nia njema tukabadilisha mlio tukaweka mwingine mzito wa nusu sekunde. Hapo ikawa zamu ya vijana wetu. Kila namba sasa ilikaa sekunde 1.5, na swali likawa na sekunde 45.

Vijana wetu walishinda kwa alama mbili. Tuligundua wiki moja baadaye, mzazi mmoja alipotuonyesha video kwenye simu yake na tarakimu za simu zilikuwa zinakwenda mbio kuliko za kwetu. Tukawapigia simu walimu wa Iringa tukawaeleza ukweli, na zawadi tukairudisha mezani mpaka mashindano yarudiwe. Watoto wetu walilia. Haikuwa dhambi yao.

Dawa yake ni hii. Msiihesabu sekunde kwa kusubiri. Scratch ina kipande kinachohesabu muda tangu kuwekwa sifuri, na hicho hakijali kama kuna sauti au hakuna. Kiwekeni sifuri mwanzo wa swali, kisha namba ya kuonyesha iwe 30 kutoa muda uliokwisha kupita. Kwa sauti, tumieni kipande cha kuanzisha sauti, siyo kile cha kupiga mpaka iishe. Cha kwanza huianzisha na kuendelea na kazi, cha pili husimamisha kila kitu nyuma yake.

Hapo mtakutana na tatizo jingine, nasi tulikutana nalo. Scratch hurudia mzunguko wake kama mara 30 kwa sekunde moja. Mkiweka sauti ndani ya mzunguko bila sharti, italianzishwa lile tik moja mara 30, na spika itanguruma kama mzinga wa nyuki. Wekeni sharti: sauti ianze pale tu namba nzima inapobadilika, kutoka 12 kwenda 11, kutoka 11 kwenda 10.

Mlio upi, na uanze wapi

Wasikilizaji wa redio ya BBC wanaijua ile milio sita ya saa, ambayo imekuwa ikipigwa tangu mwaka 1924. Mitano ni mifupi, na wa sita, tangu mwaka 1972, ni mrefu. Saa kamili ni pale mlio mrefu unapoanza, siyo unapokwisha. Mtu aliye jikoni, mgongo kwa redio, anajua sekunde hasa ilipofika. Fuateni mtindo huo: sekunde 5 za mwisho mlio mfupi, na kwenye sifuri mlio tofauti kabisa, mrefu, ambao mwanzo wake ndio sifuri. Sekunde 25 za kwanza ziacheni kimya, kwani mtoto anayefikiria jina la swahaba hana haja ya kugongewa kichwani.

Kagueni pia faili lenyewe. Sauti za aina ya MP3 mara nyingi huwa na kimya kidogo mwanzoni. Fungueni sehemu ya sauti ndani ya Scratch, tazameni mchoro wa wimbi, na pale palipo bapa mwanzoni pakateni. Na mkiifungulia saa yenu kwenye Chrome, jueni kwamba tangu mwaka 2018 inazuia sauti mpaka mtu abonyeze kitu kwanza. Basi wekeni kitufe cha kuanza, kibonyezwe na mtu.

Mlio wenyewe msiuhangaikie. Sisi tulirekodi kwa simu mwiko ukigonga sufuria. Tunachokataza ni kukata kipande cha Qur'an au cha adhana mkakifanya kengele ya chemsha bongo, kwani kitakatizwa katikati kila mtu anapojibu mapema. Kumbukeni pia mwenzenu asiyesikia vizuri: kwenye sifuri skrini nayo ibadilike rangi.

Saa iliyolia kabla ya jua kuzama

Kosa la pili lilikuwa zito zaidi. Ramadhani ya mwaka huohuo 1444 (Machi na Aprili 2023) wanafunzi walitengeneza saa ya kuhesabu kuelekea Magharibi, safari hii bila kosa la kiufundi. Ilikuwa na spika kubwa uwanjani. Jioni ile mawingu ya mvua yalikuwa yameufunika mlima Loleza, jua halionekani. Saa ikafika sifuri, mlio ukalia, watoto wakatia tende midomoni. Tukangoja adhana ya msikiti wa jirani. Haikuja. Dakika tano, kumi. Bibi mmoja akauliza, "Nani kawaambieni mfungue?" Mtoto akajibu, "Kompyuta." Adhana ilikuja dakika 23 baada ya mlio.

Nyakati tulizoziingiza zilikuwa za Dar es Salaam. Saa zetu za ukutani Tanzania nzima ni moja, lakini jua halifuati saa ya ukutani. Dunia huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24, yaani uzi mmoja kwa dakika 4. Dar es Salaam ipo kwenye nyuzi 39.3 mashariki, Iringa 35.7, Mbeya 33.5. Toeni 33.5 katika 39.3, zidisheni kwa 4: dakika 23. Kwa Iringa ni dakika 14, na baina ya Iringa na Mbeya ni kama dakika 9. Kwa kuwa Mbeya iko kusini zaidi, tofauti yake na Dar es Salaam hupungua hadi kama dakika 20 mwezi Juni na kuongezeka hadi kama 27 mwezi Desemba. Basi hata adhana ya redio inayotoka Dar es Salaam si ya kufungulia huku.

Masheikh wetu walituambia, kwa kauli ya madhehebu ya Shafi, kwamba waliofungua walipe siku ile. Wakubwa tukalipa. Wadogo wasiolazimika nao wakataka kulipa pamoja nasi, tukawaacha.

Tulijiuliza kwa nini hakuna hata mmoja wetu aliyetazama nje. Kila jioni nyingine tulikuwa tunatazama. Jibu tunaloliona ni ile sauti. Tarakimu kwenye skrini mtu huzisoma na kuzipima, lakini mlio mkubwa hupokelewa kama amri. Masahaba walipotafuta namna ya kuwaita watu kwenye Swala, wengine walitaja baragumu na wengine kengele. Kisha Abdullah bin Zayd (R.A.) akaoteshwa maneno ya adhana, na Mtume (S.A.W.) akamwagiza amfundishe Bilal kwa kuwa sauti yake ilifika mbali zaidi. Ni sauti ya mtu, ambaye anaweza kuulizwa.

Saa yetu ya futari bado ipo. Juu yake pameandikwa MBEYA kwa herufi kubwa, na kwenye sifuri mlio wake ni mdogo, unasikika chumba cha muadhini tu. Yeye hutoka, hutazama, ndipo huadhini.

Zoezi: Kigoma ipo kwenye nyuzi 29.6 mashariki. Bila kuhesabu tofauti ya kusini na kaskazini, jua huzama huko dakika ngapi baada ya Mbeya? Na mwanafunzi ametengeneza saa ya sekunde 60 yenye mlio wa sekunde 0.3 unaongojwa uishe kila namba. Itachukua muda gani hasa? Majibu yaletwe kwa mwalimu wa kompyuta, pamoja na hesabu yake.