Kila Shauri na Mlango Wake

Mwanamke wa Rwimbogo, wilayani Rusizi, akipigwa usiku, anayemfikia kwanza alfajiri si wakili wala askari. Ni jirani, mara nyingi yule anayeweka naye akiba katika kimina, au mjumbe wa Baraza la Taifa la Wanawake katika mudugudu wao. Baraza hilo lina kamati kuanzia mudugudu (kijiji), akagari (seli) na umurenge (sekta) hadi taifa, na mahali penye ukumbi au kituo cha akina mama, hapo ndipo wengi hutua mizigo yao kabla ya kufika ofisi yoyote. Ni jambo jema. Mtu aliyeumizwa anahitaji kusikilizwa na mtu anayemjua.

Tatizo huanza na ushauri wa kwanza. Atakuwepo wa kusema "vumilia", na mwingine wa kusema "rudini mkaelewane". Wa tatu, kwa nia njema kabisa, atasema: "Tupeleke jambo hili kwa Abunzi." Ushauri huu wa tatu ndio ninaotaka tuujadili leo, kwa sababu una sura ya busara, na unaweza kumnyima mama haki yake yote.

Abunzi nawaheshimu. Ni kamati ya wapatanishi saba, watu waadilifu wanaojulikana, na sheria inataka angalau asilimia 30 yao wawe wanawake. Huanzia akagari, na asiyeridhika hukata rufaa kwa Abunzi wa umurenge. Hawadai ada ya kusikiliza shauri. Sheria Na. 37/2016 ya tarehe 08/09/2016 inawapa mashauri ya ardhi na mali isiyohamishika ambayo thamani yake haizidi faranga 3,000,000, pamoja na migogoro ya familia isiyogusa mambo kama kuthibitisha ndoa au talaka. Shemeji amesogeza mpaka wa shamba lako? Nenda kwa Abunzi. Kaka zako wamegawana mashamba ya marehemu baba wakakuruka kwa kuwa umeolewa? Anzia huko pia, na usione haya, maana tangu sheria ya 1999 mtoto wa kike na wa kiume wanarithi sawa katika Rwanda.

Lakini kupigwa si mgogoro wa familia. Kubakwa si mgogoro wa familia. Binti wa miaka 15 kupewa mimba na mtu mzima si jambo la wazee wawili kumaliza kwa mbuzi na kreti ya bia. Haya ni makosa ya jinai, na Abunzi hawana mamlaka nayo hata pande zote mbili zikikubali. Sheria ya makosa na adhabu ya 2018 inaweka kifungo cha miaka 20 hadi 25 kwa anayemnajisi mtoto, na kifungo cha maisha ikiwa mtoto hajafika miaka 14. Mapatano ya kijijini hayafuti kosa hilo. Kinachofutika ni ushahidi, siku baada ya siku, wakati watu bado wanajadili ukubwa wa mbuzi.

Sheria hiyo hiyo inaingia hadi chumbani. Mume anayemlazimisha mkewe tendo la ndoa anatenda kosa. Kile tunachokiita kwa Kinyarwanda guhoza ku nkeke, yaani kumsumbua na kumtesa mwenzi wa ndoa bila kumpa nafasi ya kupumua, nacho ni kosa, hata kama hakuna alama mwilini. Nimesikia mara nyingi akina mama wakisema, "Lakini hajanivunja mfupa." Sheria haidai mfupa uliovunjika.

Basi mlango wa mambo haya ni upi? Ni Isange. Neno lenyewe kwa Kinyarwanda ni kama kumwambia mgeni ajisikie yuko kwao. Kituo cha kwanza kilianza 2009 katika hospitali ya Kacyiru, Kigali, na baadaye huduma ikapelekwa katika hospitali za wilaya nchini kote. Kwa mtu wa Rwimbogo, zilizo jirani ni Mibilizi na Gihundwe. Chini ya paa moja unamkuta daktari, mshauri wa kisaikolojia, mpelelezi wa RIB, yaani ofisi ya upelelezi ya Rwanda, na mtu wa kukueleza sheria, na kama nyumbani si salama unaweza kupewa pa kulala kwa muda. Hulipi. Huhitaji kupeleka kwanza barua ya mkuu wa mudugudu wala ya mtu mwingine, na anayekwambia uisubiri anakupotezea saa ambazo huna.

Saa hizo ni 72. Dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU baada ya kubakwa lazima ianze ndani ya siku tatu, na mapema zaidi ni bora zaidi, kisha inamezwa kwa siku 28. Dawa ya kuzuia mimba nayo haingoji. Kwa hiyo, dada yangu, ukiweza usioge na usifue. Nguo ulizokuwa umevaa usizirundike pamoja: kila moja iweke katika bahasha yake ya karatasi, na kama karatasi hakuna, ifunge katika kitenge kikavu. Kitu kisichopitisha hewa hutunza unyevu, na unyevu huozesha kile ambacho maabara inakitafuta. Kama umekwisha kuoga, nenda hivyo hivyo. Kama siku tatu zimepita, nenda hivyo hivyo. Bado una haki ya matibabu na bado una haki ya kushtaki.

Sasa nije kwenye jambo linalowagusa wengi zaidi huku kwetu, tangu Rwimbogo hadi bonde la Bugarama kwenye mashamba ya mpunga: kuishi pamoja bila kuandikisha ndoa. Mahari imetolewa, padri au shehe amebariki, watoto wanne wamezaliwa, na mama anajiita mke. Katiba ya Rwanda inatambua ndoa moja tu, ya mume mmoja na mke mmoja iliyofungwa mbele ya serikali. Nikahi peke yake, au misa peke yake, haikupi haki za mke mbele ya mahakama. Mume akifariki bila ndoa hiyo, wewe si mrithi wake. Watoto aliowatambua kisheria ni warithi, na hii ndiyo sababu ya kutochelewesha kuwaandikisha pamoja na jina la baba yao.

Hata hivyo hutoki mikono mitupu. Sheria Na. 59/2008 ya tarehe 10/09/2008, ile ya kuzuia na kuadhibu ukatili wa kijinsia, katika kifungo cha 39 inasema kwamba mwanamume aliyeishi na wanawake kadhaa bila ndoa, kabla ya kumwoa mmoja wao ni lazima kwanza agawane nao sawasawa mali waliyoimiliki pamoja. Uzito uko kwenye maneno hayo ya mwisho, "waliyoimiliki pamoja". Mahakamani utaulizwa: unaonyeshaje kwamba hii ni ya wote wawili?

Hapa ndipo natamani kila kikundi cha akina mama kitenge Jumamosi moja kwa kazi moja tu ya karatasi. Kila mmoja aje na alichonacho. Mkataba wa kununua kiwanja, ule ulioandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya daftari, wenye majina ya mashahidi chini: je, jina lako limo, hata kama shahidi? Kitabu cha ushirika wa mpunga kinachoonyesha magunia uliyopeleka. Ujumbe wa simu wa pesa ulizotuma siku ya kununua mabati. Risiti ya saruji. Piga picha kila kimoja, na nakala iachie mtu unayemwamini, si chini ya godoro la nyumba unayoweza kufukuzwa. Kisha tazama cheti cha ardhi. Uandikishaji mkubwa wa 2009 hadi 2013 uliingiza vipande vya ardhi zaidi ya milioni 10 katika daftari la nchi, na cheti kinaonyesha majina ya wenye haki. Kama jina lako halimo na mnaelewana, wakati wa kuliingiza ni sasa. Na kama mnaelewana kiasi hicho, nendeni umurenge mkaandikishe ndoa. Mtaulizwa aina ya mali mnayochagua, na anayechagua ivangamutungo rusange anakubali kwamba mali yote ni ya wote wawili.

Mambo haya yakikuzidi, kila wilaya kati ya 30 za nchi ina ofisi ya MAJ, nyumba ya msaada wa kisheria iliyo chini ya Wizara ya Sheria. Ya Rusizi iko makao ya wilaya, Kamembe. Kuna wanasheria wanaotoa ushauri bure, na mmoja wao hushughulikia ukatili wa kijinsia. Lipo pia shirika la Haguruka, lililoanza 1991, ambalo kazi yake ni kutetea wanawake na watoto.

Na kituo cha akina mama kina nafasi gani katika haya yote? Kubwa, nami naiweka juu ya ofisi nyingi. Mwaka 2007 wanawake 18 wa Nyamirambo, Kigali, walianzisha kituo chao wakaanza kufundishana, na hadi leo watu wanakwenda kujifunza kwao. Kituo kinaweza kukusindikiza Mibilizi, kubaki na watoto wako ukiwa huko, kukaa kando yako unapotoa maelezo, kukukopesha nauli kutoka kimina. Hakiwezi kukulazimisha upatane. Hakiruhusiwi kutangaza siri yako kwenye Umugoroba w'Imiryango, mkutano wa jioni wa familia, ili iwe fundisho kwa wengine. Na kiongozi akidai chochote ili akuandikie barua, hiyo ni rushwa.

Mama aliyevuka kutoka Kamanyola, Kongo, au kutoka Burundi, hata asiye na karatasi za ukaazi, asiogope mlango wa Isange. Sheria inamlinda kila mtu aliye ndani ya mipaka. Asiyejua Kinyarwanda aombe kueleza kwa Kiswahili, ambacho tangu 2017 ni lugha rasmi ya nchi, na asitie kidole kwenye maelezo ambayo hajasomewa akayaelewa.

Namba za bure ni hizi: 3512 kwa ukatili wa kijinsia, 166 ya RIB, 116 kwa watoto, 112 ya polisi. Zifundishe hata watoto wakubwa wa nyumbani. Ukipiga, taja kwanza ulipo, mudugudu, akagari na umurenge, kwa sababu simu inaweza kunyang'anywa kabla hujafika kwenye jina lako.