Sanamu Mbele ya Ofisi za Umma: Nani Atakuwa Mwenyewe?



Katika robo mwaka iliyopita tumepokea swali moja kutoka kwa kamati kadhaa za sharika. Halmashauri inajenga makao mapya, na wananchi wanaombwa maoni kuhusu sanamu ya kudumu itakayosimama kwenye uwanja wa mbele. Wajumbe wetu wanauliza: je, tushiriki? Na je, ni haki kuweka sanamu wakati zahanati inakosa dawa?

Hatuna jibu moja linalofaa kila mahali. Lakini tunaweza kujifunza kwa waliotutangulia. Tunaangalia mifano miwili kutoka Marekani: mmoja uliofaulu na mwingine ulioshindwa.

Mfano wa kwanza: Grand Rapids

Katika miaka ya 1960 mji wa Grand Rapids, jimbo la Michigan, ulivunja sehemu ya katikati ya mji na kujenga upya. Ofisi za jiji na za kaunti ziliwekwa kwenye uwanja mmoja mpana wa saruji. Uwanja ulikuwa mtupu, na wengi walihuzunika kwamba jengo la zamani la jiji, la mwaka 1888, lilikuwa linakwenda kubomolewa.

Kamati ya wenyeji iliomba fedha katika mfuko wa taifa wa sanaa, na mwaka 1967 ikapata dola 45,000. Fedha hizo zilikuwa za sanaa tu. Zisingeweza kuhamishiwa kazi nyingine. Tena zilitolewa kwa sharti: wenyeji nao wachangie. Gharama zote zilifikia karibu dola 128,000, hivyo sehemu kubwa ilitoka kwa taasisi, wafanyabiashara na watu binafsi wa pale pale.

Msanii aliyechaguliwa ni Alexander Calder. Sanamu yake ilitengenezwa Tours, Ufaransa, ikasafirishwa vipande vipande, ikaungwa kwa nati na bolti hapo uwanjani. Ni ya chuma, nyekundu, ina urefu wa mita 13 kwenda juu, na haina sura ya mtu wala mnyama. Ilizinduliwa tarehe 14 Juni 1969 kwa jina la Kifaransa, La Grande Vitesse, maana yake mwendo wa kasi kubwa, likiwa ni mchezo wa maneno juu ya jina la mji.

Je, wote waliipenda? Hapana. Wapo walioiona kuwa chuma kisicho na maana. Hata mbunge wao, Gerald Ford, ambaye baadaye alikuwa Rais, alikiri kwamba mwanzoni hakujua huyo Calder ni nini. Lakini tangu mwaka 1970 tamasha la sanaa limekuwa likifanyika mahali hapo. Mchoro wa sanamu ukawa nembo ya jiji, ukabandikwa hata kwenye magari ya taka. Mwaka 1974 paa la jengo la kaunti lilipakwa mchoro mwingine wa Calder. Uwanja ulipata kazi, na watu wakapata sababu ya kuusimamia.

Mfano wa pili: New York

Hapa uwanja ulikuwa wa ofisi za serikali kuu, lakini somo ni lile lile. Idara iliyosimamia majengo ilimwagiza Richard Serra, aliyeteuliwa na jopo la wataalamu. Mwaka 1981 aliweka ukuta wa chuma uliopinda, wenye urefu wa mita 36 hivi na kimo cha zaidi ya mita 3.5, ukikata uwanja katikati. Jina lake Tilted Arc, na gharama yake dola 175,000.

Watumishi waliovuka uwanja huo kila siku walilazimika kuuzunguka. Wengi walilalamika. Mwaka 1985 kikao cha hadhara kiliitishwa: watu 122 waliutetea, 58 waliupinga. Hata hivyo iliamuliwa uondolewe. Msanii alifungua kesi akashindwa, na usiku wa tarehe 15 Machi 1989 ukuta ulikatwa ukaondolewa. Kilichokusudiwa kudumu kilidumu miaka minane.

Tunajifunza nini?

Kazi zote mbili zilikuwa ngeni machoni pa watu, na zote zilipingwa. Hatuoni kwamba tofauti ilikuwa uzuri. Mahali pa kwanza wenyeji waliomba, walichanga na walipewa uwanja wa kutumia. Mahali pa pili watu waliulizwa miaka minne baada ya chuma kusimama, na uwanja waliokuwa nao ulipungua. Ushirikishwaji unaokuja baada ya kazi kwisha huwa ni malalamiko tu.

Kuhusu zahanati, swali ni la haki na lijibiwe hadharani: fedha zimetoka wapi, na je, zingeweza kununua dawa? Kama zingeweza, wananchi waamue wakijua hivyo. Miji mingine imeweka utaratibu mapema. Seattle, kwa mfano, tangu mwaka 1973 hutenga asilimia 1 ya fedha za miradi ya ujenzi kwa ajili ya sanaa. Hapo kila mtu anajua kiasi kabla msingi haujachimbwa.

Na tusisahau matunzo. Chuma huota kutu, rangi hupauka. Kisima kisicho na fundi hukauka. Sanamu isiyo na mtunzaji huwa kichaka.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Nani ameomba sanamu hii, na nani atapita mbele yake kila siku? Je, hao wa pili wameulizwa?
2. Wenyeji watachangia nini, hata kama ni kidogo?
3. Uwanja utatumikaje siku ya kawaida: watu wataketi wapi, watapita wapi?
4. Je, mkataba unataja mtunzaji, bajeti ya kila mwaka, na utaratibu wa kuihamisha ikibidi?

Kamati ikishindwa kujibu swali la kwanza, tunashauri isisaini chochote. Irudi kwanza kwa watu.