Umeuza Pikipiki, Lakini Sheria Haijui

Maonyo mengi kuhusu biashara ya pikipiki kuukuu humlenga mnunuzi: sikiliza injini, linganisha nambari ya chesisi na ile iliyoandikwa kwenye logibuku, usilipe kabla hujamjua unayemlipa. Ni maonyo ya haki. Hata hivyo, anayezisoma sheria za Kenya kwa makini atakuta kwamba anayebaki na mzigo mrefu zaidi ni muuzaji. Yeye amepokea pesa, amekabidhi ufunguo na logibuku, ameshikana mkono na mwenzake na kwenda zake. Pikipiki imeondoka, jina lake limebaki. Na kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinasema kwamba yule ambaye chombo kimesajiliwa kwa jina lake ndiye atakayechukuliwa kuwa mwenye chombo, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo. Kazi ya kuthibitisha inamwangukia anayekana.

Tuchukue mfano wa kawaida. Pikipiki uliyoiuza Machakos imepita mikono miwili, mitatu, na sasa inabeba abiria Kitui. Inamgonga mtu anayevuka barabara na kumvunja mguu. Wakili wa majeruhi hatahangaika kumsaka kijana aliyekuwa akiendesha. Ataomba rekodi za Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, NTSA, na jina atakalopewa ni lako. Mahakama zetu pia zimeshikilia kwa muda mrefu kwamba ikithibitika chombo cha mtu kimesababisha ajali kwa uzembe, dhana ya kwanza ni kuwa dereva alikuwa akikiendesha kwa niaba ya mwenyewe, hadi mwenyewe aonyeshe sivyo. Wala bima uliyokuwa umeikata usiitegemee. Bima ni mkataba baina ya kampuni na mtu aliyetajwa ndani yake, haisafiri na pikipiki kutoka mkono hadi mkono, na ile ya matumizi binafsi haimfuniki mhudumu wa bodaboda anayetoza nauli.

Kuna watakaonipinga hapa, tena kwa hoja nzito. Watasema mahakama hazikukwama kwenye logibuku pekee, na ni kweli. Katika kesi ya Osapil dhidi ya Kaddy, ambayo mawakili wa Kenya huitaja mara kwa mara, Mahakama ya Rufaa ya Uganda ilieleza kwamba kadi ya usajili au logibuku ni ushahidi wa awali tu wa umiliki, na unaweza kupinduliwa. Mahakama za Kenya nazo zimekubali kwamba mtu anaweza kuwa mmiliki halisi wa chombo kabla jina lake halijaingia kwenye rekodi. Basi, wataniuliza, si muuzaji ataonyesha karatasi ya mauziano na kuachiliwa? Ataachiliwa, ikiwa karatasi ipo. Kesi ya ajali inaweza kufunguliwa miaka kadhaa baada ya mauzo. Je, ile karatasi mliyochana kwenye daftari bado unayo? Iliandikwa nambari ya kitambulisho cha mnunuzi, au jina moja tu la utani analojulikana nalo stejini? Shahidi aliyetia sahihi yuko wapi leo? Hata ukishinda, utakuwa umelipa wakili ili uthibitishe jambo ambalo ungelimaliza kwa simu siku ile ile ya kuuza.

Zaidi ya hayo, kubadilisha jina si hisani anayofanyiwa mnunuzi. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Trafiki kinamtaka mwenye usajili amjulishe Msajili wa magari ndani ya siku 7 kwamba chombo kimehama na kimeenda kwa nani. Vilevile kinakataza chombo kutumika barabarani kwa zaidi ya siku 14 tangu kihame bila mwenyewe mpya kusajiliwa. Kwa hiyo anayekuambia "tutabadilisha baadaye" anakuomba mvunje sheria pamoja.

Pingamizi la pili ni la gharama na usumbufu. Siku hizi shughuli yenyewe hufanywa kwenye mtandao kupitia akaunti za eCitizen. Muuzaji anaanzisha uhamisho, mnunuzi anaukubali, ada inalipwa, kila mmoja akiwa na PIN yake ya KRA. Ada hiyo ni ndogo sana ukiilinganisha na bei ya pikipiki, na nani ataibeba ni jambo la kupatana. Ugumu halisi, kwa maoni yangu, hauko kwenye ada. Uko kwa broka. Yeye ananunua ili auze tena wiki ijayo, hataki jina lake lipite kwenye rekodi, na anakusihi umwachie nyaraka wazi ili mteja wake wa mwisho ndiye atakayeandikishwa. Mteja huyo humjui, hukumchagua, na huna njia ya kumlazimisha. Mwambie broka kwamba uhamisho utafanywa kwake au kwa mteja atakayemleta mezani, na kwamba pikipiki haitoki kabla. Akikataa, mwache aende.

Mnunuzi naye ana sababu zake za kuogopa jina la mtu mwingine. Aliyesajiliwa akifariki kabla ya uhamisho, hakuna wa kuanzisha uhamisho huo mtandaoni. Itabidi familia yake ipate barua za usimamizi wa mirathi chini ya Sheria ya Mirathi, Sura ya 160, na mnunuzi asubiri huku akiomba warithi wasibadili nia. Pikipiki ikiibwa, kituoni huenda akaulizwa uthibitisho kwamba ni yake. Ndiyo maana utafutaji wa rekodi za NTSA, unaogharimu shilingi mia chache, unapaswa kutangulia malipo. Utakuonyesha jina la mwenyewe. Ukikuta na jina la kampuni ya mikopo kando yake, jua kwamba anayekuuzia hana mamlaka ya kuuza peke yake, hata akikuapia kwamba amebakisha awamu moja. Dai barua ya mkopeshaji ya kuachilia dhamana. Na kwa kuwa Sheria ya mwaka 2017 ya dhamana juu ya mali inayohamishika ilianzisha sajili ya dhamana hizo, angalia huko pia.

Kununua kwa nia njema hakusafishi mali ya wizi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inashikilia kwamba asiye mwenye mali hawezi kukupa haki asiyokuwa nayo yeye mwenyewe, ukiondoa hali chache. Utairudisha kwa mwenyewe, kisha umdai muuzaji, ukimpata. Na ikiwa bei ilikuwa ya kutupa mno kiasi kwamba mtu yeyote angeshuku, unaweza kujikuta upande wa mshtakiwa: kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinamgusa hata aliyekuwa na sababu ya kuamini kwamba mali ni ya wizi, na adhabu yake hufika kifungo cha miaka 14.

Ama wewe uliyekwisha kuuza bila kuhamisha, anza leo. Mpigie mnunuzi, mkamilishe kwenye eCitizen. Ikiwa hapatikani, mwandikie Msajili barua ukitaja nambari ya usajili, tarehe ya mauzo, jina na kitambulisho cha mnunuzi kama unacho, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ripoti polisi, uchukue nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio. Hifadhi ujumbe wa M-Pesa wa malipo, kwani una jina, kiasi na tarehe. Barua hiyo haitalifuta jina lako, na siku saba zitakuwa zimepita zamani, lakini ni ushahidi ulioandikwa kabla ya ajali, ambao hakimu atauamini kuliko maelezo yanayotolewa baada yake. Na ikiwa mgogoro wenu ni wa pesa, labda salio ambalo hukulipwa au bei ya pikipiki iliyokuwa ya mtu mwingine, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, inatakiwa kuamua ndani ya siku 60, na unaruhusiwa kujiwakilisha bila wakili.