JEKI YA TREKTA INAYOVUJA OILI: KUITENGENEZA AU KUNUNUA NYINGINE

Kwa wakulima wa Chala na wa Ufipa yote.

Katika nchi yetu mvua huanza kwa kawaida mwezi wa Novemba, na aliyechelewa kulima huvuna kidogo. Wazee wetu walilima kwa jembe la mkono, wakafukia majani katika matuta ya intumba. Baadaye likaja plau la ng'ombe. Siku hizi wako wenye trekta dogo, liinualo plau lake kwa nguvu ya oili. Jembe likivunjika mpini, mtu huchonga mwingine siku ile ile. Ng'ombe akichechemea, aweza kuazima wa jirani. Lakini trekta lisiloweza kuinua plau husimamisha kazi yote.

Neno moja mlishike kuliko yote: msinunue kitu kabla ya kujua oili yavujia wapi. Mkulima mmoja ninayemfahamu aliuza fahali wake akanunua jeki mpya. Ilipokwisha kufungwa, oili iliendelea kudondoka, kwa maana iliyolegea ilikuwa nati ya bomba tu. Fahali alikwenda bure.

1. Jinsi jeki ifanyavyo kazi

Silinda ya haidroliki, ambayo mafundi huiita jeki, ni bomba nene la chuma. Ndani yake mna pistoni iliyoshikamana na fimbo ya chuma ing'aayo, nayo fimbo hutokeza nje na kuinua plau. Pampu husukuma oili nyuma ya pistoni, na kwa kuwa oili haishindiliki, pistoni haina budi kusogea. Mathalani, pistoni yenye kipenyo cha sentimita 5 ina uso wa karibu sentimita 20 za mraba. Oili ikiisukuma kwa kilo 150 katika kila sentimita ya mraba, fimbo hupata nguvu ya kilo 3,000 hivi.

Kinachozuia oili hiyo isipenye ni pete laini ziitwazo sili. Shida ya kuvuja ni ya zamani. Joseph Bramah wa Uingereza alipata hati ya uvumbuzi wa shinikizo la maji mwaka 1795, na chombo chake kilivuja mpaka ilipotumiwa pete ya ngozi yenye mdomo, iliyobanwa na maji yenyewe. Sili nyingi za leo hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo.

2. Tahadhari

Msipapase bomba wala nati kwa mkono mtambo ukiwa na nguvu. Oili itokayo katika tundu dogo yaweza kupenya ngozi na kuingia mwilini. Jeraha huonekana dogo kama la mwiba, wala pengine haliumi mwanzoni. Aliyepatwa na jambo hili aende hospitali saa ile ile, amweleze daktari kwamba ni oili iliyoingia kwa nguvu. Huenda akahitaji kupasuliwa, na kuchelewa kwaweza kumgharimu kidole au mkono.

Tena, mtu asiingie kamwe chini ya plau lililoinuliwa na jeki peke yake.

3. Kutafuta mahali panapovuja

Futeni jeki na mabomba yake mpaka yakauke. Inueni na kushusha plau mara kadhaa, kisha mlishushe chini, mzime injini na kutazama.

(a) Oili ikionekana kwenye nati au bomba la mpira, kazeni nati au badilisheni bomba. Jeki yenyewe haina kosa.

(b) Oili ikizunguka fimbo mahali inapotokea, sili ya mbele imechoka, au fimbo ina mkwaruzo.

(c) Nje pakiwa pakavu, lakini plau lililoinuliwa lashuka polepole injini ikiwa imezimwa, oili yapita ndani. Huenda ni sili ya pistoni, huenda ni valvu. Fundi apime kwanza ni ipi kati ya hizo mbili.

4. Kuifungua

Shusheni plau mpaka likae juu ya ardhi, zimeni injini, zuieni magurudumu kwa mawe. Chezesheni mkono wa kuinulia mbele na nyuma ili nguvu iliyobaki iishe. Tegeni ndoo, legezeni nati taratibu, na kuziba midomo ya mabomba kwa kitambaa safi, kwa kuwa punje moja ya mchanga yatosha kuharibu sili mpya.

Ibaneni jeki katika jiliwa bila kuiponda. Kifuniko cha mbele hushikwa na uzi wa skrubu au na pete ya chuma ya kubana. Kifungueni, mvute fimbo na pistoni. Pangeni kila sili juu ya kitambaa kwa mfuatano wake, mkiangalia mdomo wake ulielekea wapi. Chukueni sili hizo za zamani mwendapo dukani Sumbawanga, wala msinunue kwa kukisia.

5. Kuamua

Piteni fimbo yote kwa ukucha. Ukucha ukikwama katika mkwaruzo, sili mpya haitadumu. Viringisheni fimbo juu ya kioo kilicholala sawasawa: ikirukaruka, imepinda. Mulikeni ndani ya bomba la jeki kwa tochi, mtazame kama kuna michirizi au kutu.

Fimbo na bomba vikiwa vizima, badilisheni sili zote pamoja, si ile iliyochoka peke yake. Ikiwa fimbo tu ndiyo mbovu, mwulizeni fundi mwenye mashine ya kukereza gharama ya kutengeneza nyingine. Ikiwa bomba limechimbika, au gharama inakaribia bei ya jeki mpya, nunueni mpya. Msikubali bomba lililopasuka lichomelewe kwa kubahatisha. Litapasuka tena likiwa na mzigo.

Kabla ya kununua, andikeni vipimo hivi: kipenyo cha ndani cha bomba, kipenyo cha fimbo, urefu kutoka pini hadi pini jeki ikiwa imefungika, mwendo wa fimbo, kipenyo cha pini, na aina ya uzi wa matundu ya oili.

6. Kuirudisha

Osheni kila kipande, mkikaushe. Pakeni sili oili safi ya aina ile ile itumiwayo na mtambo, mzivike kwa vidole, si kwa bisibisi yenye ncha. Mdomo wa sili uelekee upande wa oili yenye nguvu. Ile ya nje kabisa, ikwanguayo vumbi, mdomo wake uelekee nje. Kazeni nati ya pistoni sawasawa.

Jeki ikisharudi mahali pake, jazeni oili, mwendeshe injini polepole, na kusogeza fimbo mwendo wake wote mara kadhaa bila mzigo, ili hewa itoke. Pimeni tena oili tangini, kwani itakuwa imepungua. Oili chafu msiimwage shambani wala mtoni. Iwekeni katika debe lenye kifuniko na kumpelekea fundi aipokeaye.

7. Wakati wa kufanya kazi hii

Fanyeni ukaguzi huu wakati wa kiangazi, mavuno yakiwa yamekwisha kuingia ghalani na kuna nafasi ya kutafuta vipuri. Tone lidondokalo mwezi wa Julai hugharimu sili chache na kazi ya siku moja. Likiachwa hadi Novemba, laweza kuwagharimu msimu mzima wa kulima.