Rupia ya Mjerumani: Ijue Kabla Hujaiuza

Rupia moja ya fedha ya Mjerumani, iliyochakaa kiasi na yenye mwaka wa kawaida, wakusanyaji wa Ulaya huinunua kwa makumi ya euro. Iliyobaki kama ilivyotoka kiwandani hufika mamia. Sarafu ya rupia mbili, ambayo ni kubwa zaidi na adimu, huanzia mamia na kupanda hadi maelfu ikiwa safi kabisa. Hilo ndilo soko lenyewe. Nimeitanguliza bei kwa makusudi, kwa kuwa Tanzania bado kunavuma habari za rupia ya mamilioni kwa mamilioni, rupia yenye "nguvu", rupia inayovuta punje za mchele, na watu wanatoa akiba zao kuzikimbilia. Mkusanyaji wa kweli hanunui nguvu. Ananunua mwaka, herufi ya kiwanda, hali ya sarafu, na uhakika kwamba si ya bandia.

Rupia hizi zilianza kupigwa Berlin mwaka 1890 kwa ajili ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, iliyokodishwa mwambao na Sultani wa Zanzibar mwaka 1888. Wakati huo pwani ilikuwa na pesa zake zilizozoeleka: rupia ya India yenye sura ya Malkia Victoria, na reale ya Maria Theresa. Mfanyabiashara wa Bagamoyo au Kilwa asingepokea kitu kigeni chenye fedha pungufu. Kwa hiyo kampuni ikapiga rupia yake kwa kipimo kilekile cha India: gramu 11.66, kipenyo milimita 30, na fedha asilimia 91.7. Zikapigwa pia nusu rupia, robo rupia, na kwa miaka miwili tu, 1893 na 1894, rupia mbili. Ufupi wa miaka hiyo ndio unaoifanya rupia mbili itafutwe sana hadi leo.

Bara, sarafu hizi zilisambaa kwa njia ya uchungu. Kuanzia mwaka 1898 utawala wa Kijerumani ulidai kodi ya nyumba, na nyumba ya kijijini ilitozwa rupia 3. Mwanzoni mazao na nguvu kazi vilipokelewa badala ya sarafu, lakini kadiri miaka ilivyosogea ikatakiwa sarafu yenyewe. Asiyekuwa nayo ilibidi auze mazao, abebe mizigo, au aende kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Ndiyo sababu rupia hukutwa hata leo ndani ya makasha ya familia mbali kabisa na bandari. Anayeishika aelewe kwamba ameshika sehemu ya habari za babu zake. Kwangu hiyo ni sababu tosha ya kuitazama kwa makini kabla ya kumpa wa kwanza anayebisha hodi.

Sasa ichukue, uishike kwa ukingo, usiguse nyuso zake. Upande mmoja utaona Kaizari Wilhelm II akiangalia kushoto, amevaa kofia ya chuma yenye tai juu yake, na maandishi GUILELMUS II IMPERATOR. Geuza. Ukikuta ngao yenye simba mbele ya mti wa jamii ya mnazi, na jina la kampuni kwa Kijerumani limezunguka, hiyo ni sarafu ya kampuni, ya kati ya 1890 na 1902. Ukikuta tarakimu ya thamani na mwaka vimezungukwa na matawi, na juu yake maneno DEUTSCH OSTAFRIKA, hiyo ni ya serikali, iliyotolewa kuanzia 1904, rupia ilipoanza kugawanywa kwa heller 100 badala ya pesa 64. Mfululizo wa fedha ulikoma mwaka 1914.

Sarafu za serikali zina herufi ndogo ya kiwanda: A kwa Berlin, J kwa Hamburg. Zile za kampuni hazina herufi. Mkusanyaji anayetaka kukamilisha mfululizo hutafuta kila mwaka pamoja na kila herufi, na ndivyo inavyotokea rupia ya 1905 yenye A na ya 1905 yenye J kuhesabiwa kuwa sarafu mbili tofauti. Mwaka nao ni kipimo cha ukweli. Rupia moja haikupigwa mwaka 1895, 1896 wala 1903. Ukiletewa yenye mmojawapo wa miaka hiyo, irudishe na usibishane bei.

Bandia ni nyingi, na zinaongezeka. Nyingine huuzwa kwa watalii wa pwani kama kumbukumbu, kisha baada ya mikono kadhaa hujikuta zinaitwa za kweli. Kipimo cha kwanza ni sumaku: fedha haivutwi nayo, kwa hiyo sarafu inayoing'ang'ania imeshajieleza. Lakini kutovutwa hakutoshi, maana mchanganyiko wa shaba na nikeli pia hupita hapo. Kipimo cha pili ni mizani ndogo ya kidijitali, kama ile ya sonara, inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Rupia iliyotumika sana inaweza kupungua na kusoma 11.5 au hata chini yake kidogo. Ikisoma 10 au 13, kuna tatizo.

Kipimo cha tatu ndicho ninachokipenda, kwa sababu hakiiumizi sarafu na hakihitaji mtaalamu. Weka kikombe cha plastiki chenye maji juu ya mizani, kisha irudishe isome sifuri. Ifunge sarafu kwa uzi mwembamba, uizamishe polepole hadi maji yaifunike yote, bila kuiacha iguse chini wala pembeni. Usiuachie uzi. Mizani itaonyesha namba ndogo. Chukua uzito wa sarafu ikiwa kavu, ugawe kwa namba hiyo. Rupia ya kweli ya gramu 11.66 itasoma takribani 1.13, na ukigawanya utapata kama 10.3. Bandia ya shaba na nikeli yenye uzito uleule itasoma karibu 1.30, na jibu litakuwa kama 9. Ya chuma itasoma karibu 1.5. Hakikisha hakuna viputo vya hewa vilivyoganda kwenye sarafu, na rudia mara mbili tatu uone kama majibu yanakaribiana. Ukimaliza, ikaushe kwa kuigandamiza kwenye kitambaa laini. Usiifute kwa kuisugua.

Kusugua ndiko kunakoharibu mali ya watu wetu kuliko wizi. Mtu anakuta sarafu nyeusi, anaona aibu kuipeleka sokoni ilivyo, anachukua ndimu na majivu, au dawa ya meno na brashi, hadi inang'aa. Weusi ule si uchafu. Ni ngozi ya juu ya fedha iliyokutana na hewa kwa miaka zaidi ya mia, na mnunuzi mzoefu huiona kuwa shahidi wa umri. Sarafu iliyosuguliwa huwa na mikwaruzo myembamba inayoonekana chini ya lenzi, na haiwezi kurudi ilivyokuwa. Inaweza kupoteza nusu ya bei yake au zaidi, hata kama ina mwaka mzuri. Iache nyeusi.

Jambo jingine linaloshusha bei ni tundu. Kwa vizazi wanawake wa pwani na bara walivaa sarafu za fedha kama mapambo, na masonara waliziyeyusha kutengeneza bangili na vikuku. Nyingi zilizosalia zina tundu, au alama ya pete iliyochomelewa juu kisha ikang'olewa. Tazama ukingo wote kwa lenzi: vijistari vyake vikikatika ghafla mahali pamoja, au pakiwa laini na pamevimba, hapo palichomelewa. Katika minada sarafu kama hiyo hutajwa wazi kuwa ilikuwa pambo, na bei yake hukaribia ile ya madini tu. Kwa familia, lakini, kidani cha bibi chenye rupia ni kitu kizima. Nisingeshauri mtu akivunje ili auze sarafu moja moja.

Bei ya madini ni rahisi kuijua, na kila muuzaji anapaswa kuijua. Rupia moja nzima ina fedha halisi ya gramu 10.7 hivi. Tafuta bei ya fedha ya siku hiyo kwa gramu, au gawa bei ya aunsi kwa 31.1, kisha zidisha. Hiyo ndiyo sakafu. Anayekupa chini ya hapo anakupunja, awe sonara, dalali au mgeni. Anayekupa juu sana ya bei za mnada bila hata kuuliza mwaka, muogope zaidi.

Katika kasha hilohilo zinaweza kuwemo sarafu nyingine, na bei zake zinapishana sana. Reale ya Maria Theresa huwa na mwaka 1780 siku zote, kwa kuwa Vienna na viwanda vingine viliendelea kuipiga kwa mwaka uleule baada ya kifo cha malkia huyo. Ina gramu 28 na fedha asilimia 83.3, na nyingi huuzwa kwa bei ya kukaribia madini. Shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba na milima, kuanzia 1921 hadi 1946, ina robo tu ya fedha, chini ya gramu 2, na iko tele. Riyali ya Sultani Barghash ya mwaka 1299 wa Hijria ni adimu kwelikweli. Rupia ya Mombasa ya 1888, iliyotolewa na kampuni ya Waingereza, nayo inatafutwa na watu wanaojua. Dhahabu ya rupia 15 iliyopigwa Tabora mwaka 1916, yenye tembo na herufi T, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, ni ya thamani kubwa, na kwa hiyo imeigwa mno. Ukiletewa hiyo, usilipe kitu kabla haijapimwa na mtaalamu asiyejuana na muuzaji.

Ukitaka kuuza, anza na picha. Weka sarafu juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha, piga pande zote mbili na ukingo, andika uzito na kipenyo. Kisha tafuta matokeo ya minada, si bei za matangazo, maana katika tangazo mtu huandika anachotamani. Wanunuzi wakubwa wa sarafu hizi wako Ujerumani, ambako makoloni huhesabiwa ndani ya mkusanyiko wa sarafu za Kaizari, na wengi hutumia katalogi ya Jaeger. Katika minada yao utakuta vifupisho: "ss" ni sarafu iliyotumika lakini maandishi na sura viko wazi, na "vz" ni iliyotumika kidogo mno. Makampuni ya Marekani kama PCGS na NGC huipa sarafu alama hadi 70 na kuifunga ndani ya plastiki ngumu. Huduma hiyo ina gharama, na ukijumlisha usafirishaji na bima, kwa rupia ya kawaida hailipi. Kwa rupia mbili au sarafu isiyoguswa, inalipa.

Matapeli wana njia yao, na haibadiliki sana. Atatokea mtu anayemjua "tajiri" wa nje. Atakuambia sarafu yako ni ya mamilioni, lakini lazima ipimwe kwa mashine, na mashine ina gharama, au kibali kina gharama, au mlinzi wa tajiri anataka chake. Anayelipia ni wewe, mwenye mali. Hapo simama. Katika mauzo ya halali, ada na kamisheni hutajwa kwa maandishi mapema, na mnada hukata kamisheni yake baada ya sarafu kuuzwa. Usitoe chochote kwa ahadi ya mdomo, usimpe mtu sarafu "akaionyeshe", na usikubali kukutana naye pasipo na watu.

Mpaka siku ya kuuza, itunze kwenye bahasha ndogo ya karatasi, moja moja. Mifuko laini ya plastiki huacha utando wa kijani, na raba za kufungia zina salfa inayochafua fedha. Kwa wakazi wa pwani, chumvi ya hewa ni adui, hivyo tia vipakiti vya kunyonya unyevu ndani ya kopo linalofunga vizuri.

Limebaki suala la kuchimba. Mashimo yanayochimbwa kuzunguka maboma na makaburi ya zamani kutafuta mali ya Mjerumani huporomoka na kuua, na huharibu ushahidi usiorudi. Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu kule Pemba, wanaakiolojia walipata sarafu za fedha zaidi ya 2,000, na kwa kuwa zilifukuliwa kwa utaratibu zilitufundisha kuhusu watawala wa mwambao wa karne nyingi zilizopita. Zingetolewa na mchimbaji wa usiku zingeishia kwenye moto wa sonara. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inakataza kuchimba mabaki ya kale bila leseni. Kenya, sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 inakihesabu kitu kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895 kuwa cha kale, na kukitoa nje kunahitaji kibali, ikiwemo rupia ya Mombasa. Kabla ya kutuma sarafu nje, nenda Idara ya Mambo ya Kale au ofisi ya makumbusho ya nchi yako, uwaonyeshe picha, uulize, na uombe jibu la maandishi. Ukiamua kuwaachia sarafu yenyewe, dai stakabadhi yenye picha, uzito, jina la aliyekuwa nayo kwanza katika familia, na kijiji ilikotoka.